Maji yakiharibika ghafla kwenye tangi la chumvi, anza na hewa

Nyie mnaoanza kufuga samaki wa maji ya chumvi, hii nawaandikia nyie kabisa, mimi nilijifunza kwa kupoteza samaki na sitaki mpite njia hiyohiyo. Niliamka asubuhi moja nikakuta tangi langu la lita 200 limekuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa, linanuka uvundo, samaki wote wako juu wanahema midomo ikigusa uso wa maji, kamba wamelala ubavu. Usiku anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, alikuwa amehama pale alipokaa (ndiyo, anemoni anatembea, asipopapenda mahali anaondoka), akanyonywa na pampu ya mawimbi akasagwa vipande vipande, na nyama yote ile ikaanza kuoza kwenye maji ya joto.

Nilichofanya kwanza ni kukimbilia vipimo. Nikakaa napima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, nasubiri rangi, nalinganisha na kadi, napima tena kwa sababu siamini, na muda wote huo samaki wanakosa pumzi mbele yangu. Wawili walikufa nikiwa nimeshika kile kichupa. Sasa elewa, maji yakiwa meupe vile ni bakteria wamezaliana kwa kasi, na bakteria hao nao wanatumia oksijeni, halafu maji ya chumvi yenye joto tangu mwanzo yanashika oksijeni kidogo kuliko maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo kinachomuua samaki ndani ya saa ya kwanza mara nyingi ni kukosa hewa, amonia inakuja kumalizia.

Basi ukikuta hali hiyo geuza pampu ielekee juu, uso wa maji utibuke kabisa, weka pampu ya hewa na jiwe lake la kutoa mapovu kama unayo, toa kifuniko, fungua dirisha. Skima (kile kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji kwa povu) iache ifanye kazi kwa nguvu zote hata ikitoa povu jepesi lenye maji mengi, inatoa uchafu na inaingiza hewa kwa wakati mmoja. Ukiona kitu kimekufa kitoe hapohapo, ila usianze kupindua mawe yote na kuchimbua mchanga ukitafuta maiti ya konokono, mchanga wa siku nyingi una gesi mbaya chini na ukiutibua wakati samaki wamechoka unawamaliza.

Hapo sasa ndio upime. Amonia, pH (kipimo cha asidi ya maji), kiwango cha chumvi, joto. Amonia kwenye tangi lililokomaa inatakiwa iwe sifuri, ukiona rangi yoyote imebadilika hilo tayari ni tatizo, usijiambie eti ni kidogo tu. Sababu ni pH. Maji ya bahari yanakaa kwenye 8.1 mpaka 8.3 hivi, na pH ikipanda kwa namba moja ile sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka karibu mara 10, kwa hiyo kipimo ambacho mfugaji wa maji baridi anaweza kukivumilia siku moja mbili kwako ni hatari sasa hivi. Nitraiti, ile sumu nyingine inayotokea bakteria wakila amonia, ni kinyume chake, ndani ya maji ya chumvi haina ukali ule iliyo nao kwenye maji baridi, usihangaike nayo siku hiyo.

Dawa ya kweli ni kubadilisha maji, na yawe mengi. Hesabu yake ni rahisi, ukitoa nusu unapunguza sumu kwa nusu, ukirudia nusu nyingine inabaki robo, wakati ile asilimia 10 uliyozoea kubadilisha kila wiki haitakusaidia chochote. Lakini maji mapya lazima yafanane na ya zamani. Chumvi ni kama gramu 35 kwa lita, yaani nusu ya tangi la lita 200 inakula kilo 3.5 za chumvi, angalia kama unayo ndani hata leo. Pima msongamano (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), ukiwa na 1.025 tangini na ndoo isome hivyohivyo, joto nalo lisipishane zaidi ya digrii moja au mbili. Na tafadhali usimwage chumvi kavu ndani ya tangi lenye samaki hata kama umechanganyikiwa kiasi gani, inaunguza. Changanya pembeni na pampu na hita mpaka maji yawe safi kabisa unaona hadi chini, hayana punje wala ukungu.

Kama huna budi kutumia maji ya bomba weka dawa ya kuondoa klorini. Kuacha ndoo wazi usiku kucha kunaweza kutoa klorini lakini klorameni (klorini iliyounganishwa na amonia) haiondoki hivyo, na siku ya dharura huna huo usiku. Dawa nyingi za aina hiyo zinafunga na amonia pia, inakuwa haina makali mpaka bakteria waimalize, ila baadhi ya vipimo vitaendelea kuonyesha amonia hata baada ya kuiweka na mtu anaogopa anaongeza dozi juu ya dozi, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na uongeze hewa. Skima nayo itafurika povu, usishtuke, ishushe kidogo halafu ikitulia irudishe.

Kabla hujashusha maji chomoa hita. Hita ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka inapasuka, na mkono wako uko mle ndani. Umeme na maji ya chumvi sio vitu vya kujaribu.

Vitu ambavyo naona wageni wengi wanafanya na vinaniuma sana. Kuosha filta na mawe yote kwa maji ya bomba "ili tangi liwe safi", pale umeua wale bakteria wanaokula amonia, hao ndio msaada pekee uliobaki nao na walichukua wiki nyingi kujijenga. Kumwaga dawa ya shaba kwa sababu samaki anahema kama mgonjwa, shaba inaua kamba, konokono, korali, na inajishika kwenye mawe inabaki humo. Halafu kuna zile punje za ziolaiti za kunyonya amonia, kwenye maji baridi zinafanya kazi vizuri, kwenye chumvi sodiamu inachukua nafasi yote na hazikusaidii. Kaboni (yale makaa maalumu ya kuchuja maji) iweke, sio kwa ajili ya amonia bali kwa sumu ambazo anemoni na wanyama wengine laini wanaachia wakifa, na ibadilishe kesho yake.

Ukiona tangi halishikiki hamisha samaki kwenye chombo safi chenye maji mapya ya chumvi, hita na jiwe la hewa, kishimo cha kujificha hata kipande cha bomba la plastiki kinatosha. Pima na humo, chombo kidogo kinajaza amonia haraka sana.

Baada ya hapo usilishe siku mbili. Najua roho inauma kuwaona wanakufuata kwenye kioo lakini samaki mzima mwenye afya hafi kwa siku mbili bila chakula, na kila unachotupia humo kinarudi kuwa amonia. Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwangu ilirudi siku ya tatu nilipodhani yameisha, kipande cha yule anemoni kilikuwa kimebaki nyuma ya jiwe, nikabadilisha robo tena. Na maji yanayokauka wakati kifuniko kiko wazi yajazie kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi haikauki inabaki ndani.

Siku hizi pampu zangu zote nimezivalisha sponji, na pembeni ya tangi kuna pipa la lita 100 za maji ya chumvi yaliyokwishachanganywa, lina mfuniko na pampu ndogo inayazungusha. Kila wiki nachota humo kwa mabadiliko ya kawaida nachanganya mengine, kwa hiyo hayakai yakachakaa. Asubuhi ile nilichanganya chumvi kwa saa nne kabla sijaweza kumwaga ndoo ya kwanza.