Kabla ya kumwaga jeli kisimani, jua maji yanapita wapi

Vijana wanaosomea mafuta katika chuo cha Kigumba, hapa Uganda, huniuliza kuhusu jeli za polima, mchanganyiko unaosukumwa kisimani ukiwa majimaji kisha ukaganda humo, za kuzibia maji yanayopanda pamoja na mafuta. Nami huwarudishia swali: hayo maji yenyewe yanapita wapi? Mpaka ulijibu hilo, funga mkoba.

Visima vya Ziwa Albert bado ni vipya, lakini mpango wa Tilenga, mradi wa mafuta wa huko, ni kuingiza maji ardhini yasukume mafuta, kwa hiyo siku ya kusumbuka na maji visimani itafika. Nilikofanya kazi nje, kwenye visima vilivyozeeka, tulikuwa tunapandisha maji mengi kuliko mafuta, na maji hayo sharti uyatenganishe, uyasafishe, uyarudishe chini. Yote ni pesa.

Yakipita kwenye ufa wa mwamba, au kwenye upenyo mwembamba nyuma ya bomba mahali saruji haikushika, jeli inafaa sana. Yakiwa na tabaka lake, litenge kwanza kwa vizibo, ndipo upige jeli humo tu. Lakini yakipanda kutoka chini kupitia mwamba wenyewe hadi kwenye matundu ya kisima, usihangaike: jeli itaingia na penye mafuta. Muuzaji atakuambia inazuia maji kuliko mafuta. Ni kweli, ila hayo mafuta kidogo inayoyazuia ni yako.

Sasa kuijaribu jeli kwenye chupa kabla ya kuishusha kisimani, kazi niipendayo. Mchanganyiko uliozoeleka tangu miaka ya 1980 ni poliakrilamidi, ndiyo polima yenyewe, na asetati ya kromi inayoifanya ishikane. Utie kwenye chupa za kioo, ziweke tanurini kwenye joto la kisima, kisha uwe unaziinamisha kila baada ya muda. Mwanzoni unatiririka kama uji mwepesi. Baadaye unatoa ulimi unaoning'inia mdomoni mwa chupa na kurudi ndani. Tunapima ugumu kwa herufi, A ambayo bado haijaganda mpaka J iliyo ngumu kabisa. Ukifika J, ukiigonga chupa utahisi jeli inatetemeka.

Tumia maji ya kisima kile kile. Bosi mmoja alishikilia tutumie maji ya kunywa ya kambini kwa sababu yako karibu, jeli ikapendeza. Tuliporudia kwa maji ya chumvi, ikatoka laini. Palipo na joto kali na kalsiamu nyingi, jeli hunywea na kutema maji.

Unga wa polima unyunyize polepole juu ya maji yanayozunguka, la sivyo utapata madonge yenye unga mkavu ndani. Na kwa sisi Waganda kuna jambo la ziada: mafuta yetu yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kuyapeleka Tanga litapashwa joto. Ukisukuma mchanganyiko baridi, nta inaweza kuganda kisimani. Ukiupasha, nao utashikana mapema. Lipime hilo mapema.

Jeli ikishakwenda chini, chupa usizitupe. Ziache tanurini miezi kadhaa. Maji yakirudi, zitazame: kama jeli bado ni nzima, anza kutafuta njia nyingine yaliyoipata.