Amitrazi ni ya kupe, si ya mbung'o

Umeuliza kama kuogesha ng'ombe kwa amitrazi, dawa ya kuua kupe, kunapunguza mbung'o. Hapana, hata ukiogesha kila wiki, amitrazi haitawapunguza mbung'o. Chukua dawa yenye deltametrini, kiambato kinachoua mbung'o. Kiambato kimeandikwa kwenye lebo ya chupa, usisome jina la biashara tu. Na huna haja ya kulowesha ng'ombe mzima. Mbung'o hung'ata zaidi miguuni na tumboni, na huwafuata ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Nyunyizia hapo: miguu yote minne kuanzia kwatoni, halafu chini ya tumbo mpaka kifuani. Dawa kidogo inatosha ng'ombe wengi ukifanya hivyo, na Uganda wametumia njia hii kwenye mapambano ya malale tangu mwaka 2006, kwa sababu ng'ombe ndio wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo.

Kupe wa masikioni watabaki, kwa hiyo pitisha dawa na masikioni. Ongea na majirani mnaochunga pamoja mpulize wote, maana mbung'o wa kundi lisilopulizwa watakurudia. Tafadhali bomba la kupulizia lisioshewe mtoni, deltametrini inaua samaki. Ng'ombe aliyekwisha kukonda na kuvimba tezi apimwe damu, huyo anahitaji tiba.