Aiskrimu ya Grape-Nuts: zabibu hazimo

Ndugu, umeuliza mbona aiskrimu ya Grape-Nuts haina hata dalili ya zabibu, ilhali jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni “zabibu-njugu”. Hazimo, na njugu pia hazimo! Grape-Nuts ni nafaka ya kifungua kinywa ya ngano na shayiri, aliyoitoa mfanyabiashara C. W. Post huko Michigan, Marekani, mwaka 1897. Watu wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, na majirani zao wa Nova Scotia, Kanada, wakazoea kuichanganya na aiskrimu ya vanila. Hata huko Jamaika aiskrimu hii inapendwa sana. Mimi naipenda kwa namna inavyobadilika: punje zikiwa kavu ni ngumu kama changarawe, zikilala ndani ya krimu zinalainika na kuiachia ladha ya kimea. Ukiitengeneza nyumbani, usiile siku hiyohiyo.