Omba Ruhusa Kabla ya Kumgusa Mama

Mwaka wangu wa kwanza wa ukunga, katika kituo cha afya kimoja kando ya Ziwa Victoria, usiku mmoja nilimpokea mama aliyetoka kisiwani kwa mtumbwi, khanga yake ikiwa imelowa hadi kiunoni. Nilimwelekeza kitandani, nikavaa glavu na kumpima njia ya uzazi, kuona imefunguka kiasi gani, bila kumweleza neno lolote. Alipobana mapaja, nilimfokea. Alijifungua salama, nami nikaandika kwenye faili kwamba hapakuwa na tatizo. Asubuhi shangazi yake aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hakukukatalia. Aliogopa, kwa sababu hakujua unatafuta nini."

Wakunga wenzangu mnaoanza kazi, ushauri wangu unatokana na maneno ya shangazi yule. Msalimie mama kabla ya kushika faili lake. Huku kwetu Mwanza, "Mwadila, mayu" ya mchana humlegeza mabega mama wa Kisukuma kuliko maelekezo mengi. Mwambie unataka kupima nini na kwa nini, subiri uchungu upite, kisha muulize kama yuko tayari. Kama wodi haina mapazia, funga khanga kati ya vitanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unashauri njia ipimwe kila baada ya saa 4 kwa mama ambaye uchungu wake unaendelea kawaida, kwa hiyo hakuna sababu ya kila anayeingia zamu, pamoja na wanafunzi, kumpima upya.

Mwongozo huohuo unataka mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, na ahimizwe kutembea au kukaa wima badala ya kulazwa chali. Nimeona mama mkwe akimsugua mkazamwana kiuno kwa saa nzima, kazi ambayo mkunga aliye peke yake na vitanda vinne asingeiweza. Najua uchovu wa zamu hiyo, lakini haupunguzwi na kofi wala matusi: mama aliyetishwa huficha hata damu anayoiona.

Miaka kadhaa baadaye, mama mwingine aliniomba nisimpime kwanza. Nilisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, nikayakuta sawa, nikavua glavu na kukaa karibu naye. Uchungu wa tatu ulipopita, alinishika mkono akasema, "Sasa nipime, dada."