Kuingia kwa pochi ya Ethereum: unasaini nini hasa?

Swali: Nina USDC kidogo, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye MetaMask, pochi ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum. Tovuti tatu ninazotumia zinanitaka niingie kwa pochi hiyo badala ya nywila, kama watu wanavyoingia kwa akaunti ya Google. Nikisaini, hawawezi kunichukulia pesa?

Jibu: Saini ya kuingia haihamishi hata senti. Tovuti hukutumia ujumbe mfupi wenye namba ya kutumika mara moja tu, pochi inausaini kwa ufunguo wa siri usiotoka mikononi mwako, na tovuti inaikagua saini ile ili ijue kweli anwani ni yako. Hakuna muamala unaoingia kwenye mnyororo wa bloku (blockchain, daftari la pamoja la miamala yote), ndiyo maana hulipi gesi, yaani ada ya muamala.

Lakini tafadhali, kutolipa gesi kusikutoe wasiwasi. Hapo ndipo wengi wanalizwa. USDC inakubali pia kibali cha matumizi, yaani ruhusa ya mtu mwingine kuchukua hela zako, kinachotolewa kwa saini tupu, kwa kanuni ya Ethereum iitwayo EIP-2612. Mwizi akishaipata saini yako, anaipeleka kwenye mnyororo mwenyewe, na gesi analipa yeye. Wewe umebonyeza kitufe kilekile cha kusaini.

Kwa hiyo usome ujumbe kabla ya kubonyeza. Ule wa kuingia, wa kanuni ya EIP-4361 iliyopendekezwa 2021, huanza na jina la tovuti, unafuata na anwani yako, halafu chini kuna mistari ya "URI", "Chain ID", "Nonce" na "Issued At". Jina hilo lilingane herufi kwa herufi na lile lililo juu ya kivinjari chako. Ukiona "spender", "value" au "deadline", hapo unaombwa pesa, kataa. Usipouelewa ujumbe, kataa vilevile.

Kuhusu Google: kule ukisahau nywila kuna wa kukurejeshea akaunti. Huku yale maneno 12 ya siri ya kurejeshea pochi yakipotea pamoja na simu, umepoteza pesa na utambulisho kwa mpigo. Tena anwani moja kwenye tovuti tatu inazipa zote nafasi ya kuona salio lako na miamala yako yote, maana daftari la mnyororo liko wazi kwa kila mtu.

Ningekuwa wewe, ningefungua akaunti ya pili humohumo ndani ya MetaMask, ya kuingilia tu, isiyo na kitu. Usiipelekee hela kutoka ile kuu: muamala mmoja tu unaziunganisha hadharani, na haufutiki.