Wachezaji wetu bora wanahama kila mwaka

SWALI: Mhariri, chuo ninachokishabikia kule Marekani ni cha ngazi ya kati. Kila msimu wa kikapu ukiisha, mfungaji wetu bora anaondoka. Sheria hizi mpya za uhamisho zitatumaliza?

JIBU: Machungu yako nayaelewa. Zamani aliyehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliruhusu kuhama mara moja bila kusubiri; tangu 2024 mchezaji anahama atakavyo, mradi masomo yake yako sawa. Walter Clayton Jr. aling'ara chuo kidogo cha Iona, akaenda chuo kikubwa cha Florida 2023, akatwaa ubingwa wa 2025. Mwaka huo timu zote 16 zilizovuka raundi mbili za kwanza za mashindano ya taifa zilitoka ligi nne tu za vyuo vikubwa.

Kinachoniuma ni hili: kocha anamnoa kijana ambaye hakuna aliyemtaka, kisha chuo chenye fedha kinamchukua bure. Kwenye soka klabu ingelipwa ada! Kijana simlaumu hata kidogo. Makocha wenyewe wamekuwa wakihama siku zote.

Hamjamalizika. Wanaokosa dakika za kucheza vyuo vikubwa nao hutafuta pa kuchezea. Kocha wenu awawahi hao, asingoje wahitimu wa sekondari pekee.