Usizime injini mteremkoni, mimi nimelipia migomba 11

Mkuu, swali lako la ununue gari gani, Starlet au Corolla 110, manyuali au oto, weka pembeni kwanza. Nimesoma uzi wako vizuri tu mpaka pale ulipoandika kuna jamaa yako wa Makambako kakufundisha kwamba ukifika mteremko wa Kitonga unaweka nyutro (unatoa gia), unazima injini, unashuka bure mpaka chini. Hapo nimeacha kula. Mtu wa aina hiyo namjua, na aliniachia hasara ambayo kwenye vikao vya ukoo wetu wanaisimulia kama ngano ya sungura na fisi, fisi nikiwa mimi.

Mwaka 2003, nina miaka 24, nauza viazi Uyole, Mbeya. Nikanunua Corolla KE70 ya kabureta kwa 1,200,000. Kioo cha dereva kilishushwa kwa bisibisi. Mlango wa nyuma kushoto ulifunguliwa kwa nje tu. Betri ilishachoka, kila asubuhi watoto wa jirani walinisukuma, nawalipa pipi. Lakini gari ni gari, mtaani nilianza kuitwa bosi, na wiki ya tatu nikaamua kwenda nalo Kyela kupeleka posa. Ningeweza kupanda Hiace kama binadamu wengine. Nilitaka baba mkwe aone.

Mbele akakaa baba yangu mdogo, ndiye mshenga, kavaa suti ya kijivu ya kuazima. Nyuma kushoto, jamaa mmoja deiwaka (kibarua wa kutwa) wa Hiace za Mbeya–Kyela. Yule bwana hakuwa na gari, hakuwa hata na baiskeli, lakini hakukuwa na kitu chini ya jua asichokijua.

Kutoka Uyole kuipanda milima ya Uporoto gari lilihema kama mzee mwenye pumu, tukafika Isongole na baridi yake, tukashuka Kiwira, Tukuyu tukaikuta na mvua kama kawaida yake. Deiwaka muda wote anachungulia geji ya mafuta. "Bosi, unachoma hela. Sisi tukishaiacha Tukuyu tunazima. Mpaka Kyela ni mteremko, mshale hauchezi." Kusema ukweli hesabu yake ilikaa vizuri, maana kati ya Tukuyu na Kyela unashuka zaidi ya mita 1,000. Nikamwona profesa.

Tulipoipita Ushirika nikaweka nyutro, nikazima.

Mkuu, kimya kile kilikuwa kitamu. Unasikia matairi na maji ya barabarani tu, mashamba ya chai yanapita dirishani, baba mdogo anasema "kumbe gari lako halina kelele". Spidi 60. Nikagusa breki, ikashika. Spidi 70, nikagusa tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe.

Hiki ndicho deiwaka hakuniambia, na sidhani alikijua. Ule ulaini wa pedeli unatoka kwenye busta, na busta inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Ukizima injini unabakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, basi. Baada ya hapo breki zipo, ila zinataka mguu wa mchunga ng'ombe wa Usangu, na mimi nilikuwa na kilo 58. Nikasimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Handibreki ya gari lile ilikuwa pambo.

"Washa! Washa!" Nikapiga stata. Betri ni ileile ya watoto wa pipi: tik, kimya. Ningekuwa na akili ningeingiza namba nne na kuachia klachi, injini ingewaka yenyewe kwa mwendo ule. Akili nilikuwa nimeiacha Uyole. Nikalazimisha namba mbili, gia ikalia kama mashine ya kusaga, ikakataa. Nyuma huko nasikia profesa anahangaika na kitasa aruke. Nimeshasema ule mlango ulifunguliwa kwa nje tu. Ndiyo furaha pekee niliyoipata siku ile.

Kwenye kona tukaiacha lami, tukaingia kwenye migomba. Nashukuru Mungu Rungwe wanalima ndizi, ingekuwa milingoti nisingekuwa naandika hapa. Mgomba unakatika, unakupunguza mwendo, unakukabidhi kwa mwenzake, mpaka gari likasimama limebeba mkungu juu ya boneti.

Akatoka bibi mmoja na panga. Baba mdogo akashuka, suti yote utomvu (utomvu wa mgomba hautoki, muulize aliyemwazima), wakasalimiana taratibu, ugonile, habari za watoto, habari za mvua, huku rejeta langu linafuka moshi. Kisha bibi akauliza, "Nani kafa?" Hakuna. "Haya, njooni tuhesabu migomba." Kumi na moja, mitano ikiwa na mikungu. Akataka 40,000, nazo zikachomolewa kwenye bahasha ya posa. Baba mdogo akaniangalia, akasema yeye anaendelea, akasimamisha Hiace, akaenda Kyela na suti ile na bahasha pungufu. Nikasikia baadaye mkwe aliuliza kama mshenga katokea shambani.

Sasa tupige hesabu. Rejeta, feni, taa mbili, kunyoosha boneti, na lori la kunivuta mpaka Mwanjelwa: 380,000. Nilitembea na nyutro kama kilomita 6. KE70 yangu ilikula lita moja kwa kilomita 12 hivi. Kwa hiyo niliokoa nusu lita ya petroli, na hapo nimejipendelea.

Profesa akarudi baada ya wiki, hana hata mkwaruzo, ananishauri eti nibadilishe breki zote. Sikumpiga. Msiniulize kwa nini sikumpiga, kwa sababu mimi mwenyewe sijui.

Na hizo unazotaka kununua wewe, Starlet zenye injini ya EFI (kompyuta ndiyo inapima mafuta) na Corolla 110, ndiyo upuuzi zaidi. Ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye akseleta, mfumo wenyewe unakata mafuta. Ukiweka nyutro bila kuzima, injini inabidi inywe ili isizimike. Yaani jamaa yako anakufundisha kuhatarisha roho bila kuokoa hata tone zaidi ya aliyebaki kwenye gia. Ikiwa oto na umezima, ile pampu ya oili ya gia boksi inasimama, gia boksi linasagika kavu, na usukani unakuwa mzito. Ukichomoa ufunguo kabisa, usukani unajifunga, hapo hata migomba huichagui.

Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Ukifika Kitonga angalia malori yaliyobeba shaba yanavyoshuka, taratibu, injini inaunguruma, dereva hana haraka na mtu.

Uliuliza pia rangi nadhani, na ushuru. Wadau wengine watakujibu. Mke nilimpata, kama kuna anayejiuliza, ila mahari ilipanda, na mpaka leo shemeji zangu wakiniona natafuta funguo za gari wanauliza kama nakwenda kuvuna ndizi. Wewe muulize huyo wa Makambako kama ana gari.